Bima ndogo au bima kubwa kwa ndege yetu ya watu watatu?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni rubani wa leseni ya binafsi, nina saa 96 za kuruka. Mimi na wenzangu wawili tumenunua Cessna 182 ya mwaka 1974, tunailaza Kisongo, Arusha. Dalali wa bima ametuletea karatasi mbili, ya bima ndogo na ya bima kubwa. Anasema bima kubwa itashuka bei tukiandika kwamba ndege ina thamani ya dola 60,000, ingawa ya namna hiyo sokoni hatukuipata chini ya 110,000. Mara mojamoja huwa nawapeleka Seronera, kiwanja cha Serengeti, wageni wa kambi ya shemeji yangu, nao wananichangia mafuta. Mwenzetu mmoja ana saa 41 tu, ndiyo kwanza kapata leseni. Tuchukue ipi, na tuangalie nini kabla ya kulipa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Ndogo au kubwa tutafika. Lakini nimekagua ndege zilizovunjika kwa miaka mingi, nikitumwa na kampuni za bima kukadiria hasara, na ugomvi niliokuwa nikiukuta pale haukuwa wa ndogo au kubwa. Ulikuwa wa ukurasa mmoja ambao mwenye ndege hakuusoma, ule unaoitwa jedwali. Hapo ndipo panapoandikwa nani anarusha, kwa shughuli gani, katika nchi zipi, na ndege ina thamani gani. Kurasa zinazofuata ni zilezile kwa kila mtu. Jedwali ni lenu peke yenu, na dalali hulijaza kwa maneno mnayompa nyie kwenye simu.

Hati yenyewe mtapewa na kampuni ya hapa nchini, kama Sheria ya Bima ya 2009 inavyotaka chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya bima nchini. Ila ndege si Noah. Kampuni ya hapa hubaki na kipande kidogo cha hatari, kilichobaki hukisukuma kwenye bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hukata, na mwisho wa njia hiyo kwa kawaida ni London, kwenye soko la Lloyd's, walikoanza kuandika bima za ndege tangu 1911. Kwa hiyo maneno mtakayopewa yatakuwa ya London, pengine muundo uitwao AVN 1C. Sehemu yake ya kwanza ni ndege yenyewe. Ya pili ni watu na mali za watu walioko nje ya ndege. Ya tatu ni abiria. Ya nne ni makatazo na masharti. Bima ndogo, ikiwa imeandikwa vizuri, ni ya pili na ya tatu bila ya kwanza. Nasema ikiwa imeandikwa vizuri kwa sababu nimewahi kushika bima ndogo iliyokuwa na sehemu ya pili tu, na mwenye ndege akawa anabeba familia yake miezi minane bila kujua kwamba nyuma ya kiti chake hakuna aliyelindwa.

Sasa nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita, kana kwamba si kitu: wageni wa shemeji.

Hati hizi zina maneno yenye maana iliyofungwa. "Starehe binafsi" maana yake ni kuruka kwa mambo yako na raha zako, si kwa biashara wala kazi yako, na si kwa malipo. "Biashara" inaongeza safari za shughuli yako iliyotajwa kwenye jedwali, bado bila malipo kutoka kwa abiria. Zaidi ya hapo ni "kibiashara", yaani kubeba watu au mizigo kwa ujira, na huko kunahitaji cheti cha uendeshaji kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na rubani mwenye leseni ya biashara. Leseni yako ya binafsi haikuruhusu, hata kama bima ingekubali.

Marafiki watatu wakigawana mafuta kwenda Zanzibar kula pweza, hilo lina utetezi, na bado ningetaka liandikwe. Lakini mgeni aliyemlipa shemeji yako kwa ajili ya kulala kambini, akapandishwa ndege yako, akatoa dola mia mbili "za mafuta", huyo hakuchangia. Amelipa nauli. Siku gurudumu la mbele likivunjika Seronera, mkaguzi hataanza na gurudumu. Atamfuata mgeni palepale chini ya mti na kumwuliza kwa upole, "Mlikutana wapi na rubani?" Mgeni atasema ukweli wote, maana hana sababu ya kuuficha, na simu yake ina ujumbe wa kambi wenye bei. Kutoka hapo sehemu zote tatu zinaanguka pamoja, kwa sababu katazo la matumizi yasiyoandikwa kwenye jedwali limewekwa kwenye sehemu ya nne, na ya nne inazitawala zote. Utadaiwa ndege, utadaiwa mgeni aliyevunjika mguu, na kampuni itakuandikia barua ya kurasa mbili. Acha hiyo kazi. Shemeji awapandishe ndege za abiria zinazoenda Seronera kila siku kutoka hapohapo Kisongo.

Thamani ya dola 60,000. Ushauri huu wa dalali ndio ulionikera, kwa sababu unaonekana wa kirafiki. Tuseme upepo wa pembeni umewatoa nje ya njia, bawa limejikunja, mguu wa mbele umeingia kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Fundi anasema matengenezo ni dola 45,000. Kwa ndege ya 110,000 hilo ni tengenezo la kawaida. Lakini kampuni ndiyo yenye hiari ya kutengeneza au kulipa. Ikiwalipa 60,000 zenu na kuchukua mabaki, ambayo kuna mtu wa vipuri yuko tayari kuyanunua kwa 30,000, imetoka na 30,000 tu. Kwa nini itengeneze kwa 45,000? Mtapewa hundi ya 60,000 na kuiona ndege yenu ikipakiwa kwenye lori, bado nzima kwa theluthi mbili. Kwa fedha hiyo hamrudi angani.

Kuzidisha nako kuna adhabu yake. Ukiandika 180,000, kampuni itakazana kuikarabati ndege ambayo mngetamani sana ihesabiwe imekufa, na mtakaa mwaka mzima mkisubiri vipuri, kisha mrudishiwe ndege yenye historia ya ajali ambayo hakuna atakayeinunua kwa bei. Andikeni bei halisi ya kuipata nyingine kama hiyo, pamoja na gharama za kuileta Tanzania na redio mlizoongeza, na mwombe nyongeza ya "thamani iliyokubaliwa", ili siku ya hasara kamili pasiwe na mtu wa kubishana bei ya soko ilikuwa ngapi jana yake. Mkokotoe kwa dola hata kama hati imeandikwa kwa shilingi, na mpitie hesabu hiyo kila mwaka. Silinda na propela hazinunuliwi Kariakoo.

Kuna mstari mmoja katika sehemu ya kwanza ambao naomba muusome wote watatu kwa sauti. Kampuni ikitengeneza au kubadilisha injini, itakata kwenye malipo sehemu ya gharama ya ukarabati mkubwa wa injini kulingana na saa zilizokwisha kutumika. Injini za 182 za miaka yenu nyingi zilipewa na mtengenezaji saa 1,500 kati ya ukarabati mkubwa na mwingine. Kama yenu imefika saa 1,200, mmeshakula asilimia 80 ya maisha yake. Tuseme ukarabati mkubwa ni dola 45,000: dola 36,000 ni zenu, kisha ndiyo ije ekses, kile kiasi cha kila dai mnachobeba wenyewe, juu yake. Si wizi. Injini ilikuwa inaelekea huko hata bila ajali, na bima hailipi uchakavu. Lakini watu wengi wanaoliona jambo hili kwa mara ya kwanza huliona kwenye barua ya fidia, wakiwa wameshamwahidi fundi. Mwulizeni mwenye logibuku (kitabu cha kumbukumbu) ya injini saa zake leo, kisha mwone kama mna akiba ya kujazia pengo hilo. Bima haitakuwa akiba yenu.

Na propela, kwa vile mnatua kwenye changarawe. Ukienda asubuhi kwenye ndege iliyotoka Serengeti, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa mbele wa propela, kuanzia katikati kwenda nchani. Utavikuta vidonda vidogo, vingine kama punje ya mchele, vimeng'oa rangi hadi chuma cheupe. Fundi huvilainisha kwa tupa na ndege inaruka. Hivyo vya kila wiki ni uchakavu unaojilimbikiza na bima haivigusi, hata kama mwisho wake propela inatupwa. Lakini siku jiwe moja kubwa limeruka na kukata ncha, au ngiri amekatiza njia na propela ikamgonga, hilo ni tukio moja lenye siku na saa yake, na linalipwa, mradi liandikwe siku hiyohiyo. Ndiyo tofauti nzima: jiwe moja lililoandikwa, dhidi ya mawe mia yasiyoandikwa. Rubani anayesema "nadhani ilikuwa mwezi uliopita, pale Ndutu au Kuro" amejikosesha fidia kwa mdomo wake. Na propela ikishagonga kitu hadi injini ikayumba, msiiwashe tena "kujaribu tu". Watengenezaji wa injini wanataka ifunguliwe na kukaguliwa, kwa sababu ufa wa ndani hauonekani kwa kuangalia nje.

Niliwahi kutumwa kwenye kiwanja cha changarawe kukagua ndege ndogo iliyolala kifua, mguu wa mbele umekatika kwenye shimo la mhanga. Dai safi kabisa. Rubani alikuwa kwenye orodha, hali ya hewa nzuri, matumizi halali, hata picha za shimo alipiga na kuweka kofia yake pembeni ili ukubwa uonekane. Nikaomba vitabu. Logibuku ya ndege ilikuwa haijajazwa wiki tisa. Saa zilikuwa kwenye daftari la shule lenye picha ya mchezaji mpira, na tulipozijumlisha tukakuta ukaguzi wa saa 100 ulipitwa kwa saa 14. Mwenye ndege akaniuliza, "Sasa ukaguzi na shimo vinahusiana nini?" Kwa mantiki, haviingiliani hata kidogo. Lakini hati inasema kufuata kanuni za anga, kuhakikisha ndege inafaa kuruka kabla ya kila safari, na kuweka vitabu sawasawa, ni masharti yanayotangulia wajibu wa kampuni kulipa. Walimaliza kwa suluhu baada ya miezi mingi, na suluhu haikufika nusu. Vitabu vyenu mpe mmoja wenu avishike, na asiwe yule mwenye shughuli nyingi.

Masharti hayohayo yanakufuata wewe mwenyewe. Cheti cha afya kikiisha Ijumaa, Jumamosi huna bima. Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cheti cha rubani binafsi hudumu miezi 60 mpaka miaka 40, kisha hupungua hadi miezi 24. Mwenzenu anayeukaribia umri huo aiangalie tarehe yake, kwani ndipo watu wengi wanapojisahau. Kama hujapaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, usibebe abiria. Kama huna kibali cha kuruka usiku, saa kumi na mbili na nusu jioni huku kwetu giza halibembelezi, na kuchelewa kutoka Mafia kwa sababu ya samaki si dharura.

Mipaka: kwenye jedwali patakuwa na orodha ya nchi. Tanzania, Kenya na Uganda kwa kawaida hazina shida. Mashariki ya Kongo, Somalia na Sudan Kusini mara nyingi hukatwa, na Burundi nayo iulizeni kwa jina, maana kutoka Kigoma hadi Bujumbura ni mwendo mfupi sana na mtu anaweza kuvuka kwa mazoea. Mkitaka kwenda, dalali aandikiwe kabla ya safari. Nyongeza ya wiki moja hutolewa bila ugumu mkubwa.

Vita na ghasia viko nje ya hati ya msingi kwa kifungu kiitwacho AVN 48B, na watu hukipita haraka wakifikiri kinahusu mabomu. Kimebeba pia migomo, fujo za raia, utekaji, ndege kukamatwa na serikali, na uharibifu wa makusudi. Mtu mwenye kinyongo akikata matairi yenu na kumwaga mchanga kwenye tangi usiku, hiyo ni humohumo. Kuinunua tena kinga iliyoondolewa na kifungu hicho kwa ndege ndogo hakugharimu sana, na mimi ningeinunua.

Sasa fidia kwa watu wengine, ambako nadhani fedha yenu ndiko iende kwanza. Ndege ikipotea, mmepoteza dola 110,000 na mnajua mwisho wake. Ikiangukia paa la mtu Ngaramtoni, au ikamwacha abiria mwenye watoto wanne hawezi kutembea, hasara haina mwisho unaojulikana. Kwa hiyo msiulize kiwango cha chini ni kipi. Kama mnataka kipimo, Ulaya, kwa kanuni namba 785 ya mwaka 2004, ndege yenye uzito wa juu wa kuruka kati ya kilo 1,000 na 2,700, na yenu ni kama kilo 1,338, lazima iwe na bima ya watu walio nje isiyopungua SDR milioni 3, kile kipimo cha fedha cha IMF, yaani karibu dola milioni 4. Kwa kila abiria kwenye ndege ndogo isiyo ya biashara, hawaruhusu chini ya SDR 100,000. Marekani kwa upande wake hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha rubani binafsi kuwa na bima, na hati ya kawaida huko inasema dola milioni moja kwa tukio huku kila abiria akiwa na kikomo cha laki moja ndani yake. Hicho kikomo cha ndani ndicho cha kutafuta kwenye karatasi yenu. Milioni moja ya kwenye kichwa cha habari inapendeza, mpaka ukute mstari mdogo unaomkata kila aliyeketi ndani.

Nyie mko watatu, na hapa kuna fundo. Wewe unarusha, mwenzako amekaa nyuma kama abiria, ndege inaanguka kwa kosa lako. Yeye ni abiria, au ni mwenye bima? Mkataba usipojibu, kampuni itajibu inavyopenda. Ombeni iandikwe wazi kwamba mmiliki akiwa hashiki usukani ahesabiwe abiria wa kawaida. Tena kila mmoja atoe hati yake ya bima ya maisha, hata ile iliyofungwa kwenye mkopo wa nyumba benki, atafute neno "urubani" kwenye makatazo. Nyingi zinamlinda abiria aliyekata tiketi kwenye shirika la ndege na kumwacha anayejirusha mwenyewe.

Jibu langu basi: bima kubwa kwa thamani halisi, ikiwa ada yake haiwapunguzii kikomo cha fidia kwa watu. Ikiwapunguzia, chukueni bima ndogo yenye kikomo kikubwa, na ndege muiongezee bima ya ikiwa chini tu, yaani imeegeshwa au inasukumwa. Kisongo inapata upepo, na lori la mafuta likirudi nyuma halichagui bawa la nani. Msipunguze kikomo ili kuokoa ndege.

Ikitokea ajali, mtoe watu, mtaarifu mamlaka, kisha mpigie dalali siku hiyohiyo. Piga picha kabla ya kusogeza chochote. Usiifungue ndege wala kuanza matengenezo bila ruhusa ya kampuni, isipokuwa kuzuia moto au hasara zaidi, na usimwambie mtu yeyote "kosa ni langu, nitakulipa", hata kama moyo unakuuma. Pole unaweza kumpa. Ahadi hapana.

Nimemwacha wa mwisho yule wa saa 41. Kampuni nyingi zitataka saa 100 au zaidi kwa jumla, na kadhaa kwenye 182 yenyewe, kabla ya kumwachia peke yake. Hiyo ni injini yenye nguvu 230 na propela ya kubadilisha pembe, si ile 172 aliyojifunzia. Wewe mwenyewe mwenye 96 usijione umepona. Msiwafiche. Wapeni saa za kila mmoja kama zilivyo, na matukio ya nyuma hata lile la kugonga ncha ya bawa kwenye hanga, kwa sababu kilichofichwa kwenye fomu ya maombi ndicho kinachovunja hati nzima. Kisha mwombe kwa maandishi: kijana aruke na mwalimu saa kumi, kumi na tano, hatua kwa hatua, na wewe vilevile mpaka ufike wanapotaka. Hulikubali hilo wakiombwa mapema. Mpaka jina lake liwe limechapwa kwenye jedwali, akae kiti cha kulia, ashike ramani. Likishachapwa nitumie picha ya ukurasa huo mmoja tu, nikutazamie kabla hamjalipa.